Namna ya Kusafisha Jiko la Gesi la Nyumbani na Kulikagua kwa Usalama

Maswali ya wanaoanza kutumia gesi huwa ni yale yale: kwa nini moto uliokuwa wa buluu umegeuka kuwa wa njano, kwa nini sufuria zinatoka na masizi kana kwamba zimepikiwa kuni, kwa nini kichomeo kimoja kinawaka upande mmoja tu, na kwa nini mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukifika mwisho wa mwezi sasa unaishia katikati. Wengi wanaouliza wametoka kwenye sigiri, ambayo haidai matunzo zaidi ya kumwaga majivu, na aliyewauzia jiko hakuwaeleza kwamba jiko la gesi lina njia nyembamba za hewa na za gesi ambazo huziba taratibu kwa mafuta, maziwa na uji unaofurika. Mwongozo huu unahusu majiko tunayoyaona katika nyumba nyingi za Uganda: la mezani lenye vichomeo viwili au vitatu, lenye uso wa kioo, lenye oveni, pamoja na kile kichomeo kimoja kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi mdogo.

Kabla ya kugusa chochote, jua mpaka wa kazi yako. Sehemu zinazotoka kwa mkono bila kulazimishwa, yaani vyuma vya kutegea sufuria, vifuniko na vichwa vya vichomeo, sinia za kukingia uchafu na swichi za kuzungusha, hizo ni zako. Mpira wa gesi na klipu zake unaweza kuvibadilisha mwenyewe ukiwa makini. Lakini ndani ya regulata, yaani kile kifaa kinachokaa juu ya mtungi na kupunguza nguvu ya gesi inayotoka, ndani ya vali ya mtungi, na ndani ya zile vali ndogo za shaba zilizo nyuma ya swichi, hapo ni pa fundi wa gesi, kwa sababu kosa la hapo halionekani kwa macho na huenda likajitokeza siku nyingi baadaye, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Mambo mawili kuhusu gesi yenyewe

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa ndani ya mtungi mpaka ukawa kimiminika. Ikitoka huwa nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili, kwa hiyo haipandi darini bali hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kabati, chini ya kitanda na kwenye pembe zisizopitisha upepo. Kwa asili haina harufu. Ule uvundo wa kitu kilichooza umeongezwa kwa makusudi ili pua ikuonye mapema, kwani hewa yenye takriban asilimia 2 tu ya gesi hii tayari inaweza kushika moto.

La pili ni rangi ya moto. Moto ni wa buluu pale gesi inapochanganyika na hewa ya kutosha kabla ya kuwaka. Hewa ikipungua, moto huwa wa njano, huacha masizi, na hutoa kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo huua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Ndiyo sababu kusafisha jiko si suala la kupendeza macho peke yake.

Vitu vya kuandaa

Andaa beseni la maji ya moto, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sifongo laini, mswaki wa zamani, vitambaa viwili vikavu, kijiti cha mti kilichochongwa ncha, na uzi mmoja mwembamba wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme wa zamani usiotumika. Ongeza bisibisi ya klipu, tochi, na chupa ndogo ya kunyunyizia maji; ukikosa chupa, hata brashi ndogo ya rangi inafaa. Kama mpira wako umezeeka, nunua mwingine kabla ya kuanza, si baada ya kuutoa ule wa kwanza. Uwe mpira wa gesi ya kupikia, wenye maandishi hayo na mwaka juu yake. Mpira wa maji, hata ukiingia vizuri, hulainika na kupasuka kwa sababu gesi hii huushambulia.

Usiandae magadi, wala dawa kali za kuzibulia mabomba. Vichwa vingi vya vichomeo ni vya alumini, na vitu hivyo huila alumini, huifanya nyeusi na kuiachia vishimo.

Hatua za kazi

1. Zima kila moto ulio karibu. Watu wengi hufunga jiko la gesi wakasahau kwamba sigiri yenye maharagwe inawaka barazani, hatua tatu kutoka mlangoni, na gesi nzito hutoka nje kwa mlango huo huo. Ondoa sigiri, mshumaa, kibatari na sigara. Fungua mlango pamoja na madirisha. Dirisha la juu peke yake halitoshi kwa gesi inayokaa chini. Watoto wakae mbali.

2. Funga gesi kuanzia mtungini. Washa kichomeo kimoja, kisha funga regulata, na uache moto ujizimie wenyewe kwa kuishiwa. Ukisha kuzimika, funga swichi ya jiko. Kwa mpangilio huu mpira hubaki bila gesi, na unapoufungua hakuna kinachokupulizia usoni. Baada ya hapo ndipo utoe regulata juu ya mtungi na kuupeleka mtungi nje, ukiwa umesimama wima, mahali penye kivuli. Mtungi haulazwi hata kidogo, kwa kuwa ukilala kinachofika kwenye vali ni kimiminika badala ya gesi.

3. Acha jiko lipoe kabisa, nusu saa au zaidi kama lilikuwa likipikia kitu cha muda mrefu. Kama jiko lina kiwashio cha umeme, chomoa plagi ukutani. Kama ni cha betri, toa betri. Kwa wenye majiko ya kioo hatua hii haina mjadala: maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua papo hapo.

4. Tenganisha sehemu zinazotoka kwa mkono. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, kwa sababu vifuniko vya ukubwa tofauti hufanana, na kichwa kilichorudishwa mahali pasipo pake huwaka vibaya hata kikiwa kisafi. Toa vyuma vya kutegea sufuria, kisha vifuniko, kisha vichwa vya vichomeo, ukivipanga juu ya gazeti kwa utaratibu wa vilivyokaa. Kichwa kikikataa kutoka, usikipige nyundo. Kimwagie maji ya moto yenye sabuni kidogo pembeni, usubiri, kisha ukizungushe taratibu. Mara nyingi kinachokishika ni sukari ya chai au maziwa yaliyoungua.

5. Loweka vyuma na vichwa katika maji ya moto yenye sabuni kwa nusu saa hivi, halafu sugua. Waya wa kusugulia sufuria unaruhusiwa kwenye vyuma vya kutegea sufuria vilivyo vya chuma kitupu, lakini haufai kwenye vichwa vya alumini, kwenye enameli wala kwenye kioo. Kama uchafu umeshikamana, ni afadhali uloweke mara ya pili kuliko kukwangua.

6. Zibua matundu ya pembeni ya kila kichwa. Inua kichwa kwenye mwanga na ulitazame tundu moja moja. Lile lililoziba halipitishi mwanga. Tumia kijiti cha mti au mswaki, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje ili taka zisirudi katikati ya kichwa. Matundu haya yalitobolewa kwa kipimo, na ukiyapanua kwa msumari, moto utatoka kwa nguvu upande mmoja na kudhoofika upande mwingine.

7. Kagua nozeli. Hapa pana shida nyingi kuliko watu wanavyodhani, na pia ndipo watu wanapoharibu majiko yao kwa nia njema. Ukichungulia ndani ya bomba la kichomeo, mahali kichwa kilipokuwa kimekaa, utaona kichuma kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati. Hiyo ndiyo nozeli, nayo ndiyo hupima kiasi cha gesi kinachopita. Katika majiko ya meza yaliyo wazi, nozeli hukaa mbele ya bomba, karibu na swichi, na huonekana ukilitazama jiko kutoka chini. Tundu lake halifiki milimita moja. Kwa kawaida hupigwa chapa ya namba pembeni, na namba hiyo ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita: 75 maana yake ni milimita 0.75. Sasa fikiria tofauti inayoletwa na chembe moja ya chumvi au ya masizi katika tundu la kiasi hicho.

Imulike kwa tochi. Ikiwa safi, iache kama ilivyo. Ikiwa imeziba, pitisha ule uzi wa shaba polepole, mara moja au mbili, bila kuuzungusha. Shaba ya uzi ni laini na haitalikwaruza tundu. Sindano ya kushonea, pini na ncha ya bisibisi ni za chuma kigumu, nazo hulipanua tundu kwa kiasi usichoweza kukiona ila utakiona kwenye moto: mrefu, wa njano, wenye kulamba pande za sufuria, na mtungi unaoisha haraka. Nozeli iliyopanuliwa hairekebishiki. Hutupwa, ikanunuliwa nyingine ya namba ile ile.

Usisahau lile bomba la hewa linalotoka kwenye nozeli kwenda kwenye kichwa. Jiko lililokaa muda bila kutumika, kwa mfano la nyumba ya kijijini inayofunguliwa wakati wa Krismasi, mara nyingi huwa na utando wa buibui au kiota cha udongo cha nyigu ndani ya bomba hilo. Gesi ikizuiwa hapo hurudi nyuma na kuwaka chini ya jiko, karibu na swichi na mpira. Pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kutoka mwanzo hadi mwisho.

8. Safisha mwili wa jiko kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Usimwage maji juu ya jiko, wala usiliweke chini ya bomba, kwani maji yakiingia kwenye nozeli na kwenye kiwashio utahangaika siku mbili. Toa swichi kwa kuzivuta mbele moja kwa moja, uzioshe kando, ufute nyuma yake. Geuza jiko taratibu utazame chini yake: mende hupenda joto la hapo, na kinyesi chao hujaa kwenye kiwashio na kukifanya kisitoe cheche. Ukiona vinyesi vya panya nyuma ya jiko, basi mpira wako ukaguliwe kwa umakini wa ziada, kwa sababu panya hutafuna mpira wa gesi kama wanavyotafuna gunia la karanga.

Oveni ina kazi ndogo zaidi. Toa rafu uzioshe, futa kuta na sakafu yake, na usinyunyizie dawa yoyote kwenye kile kijiti chembamba cha chuma kinachosimama kando ya moto. Hicho ndicho kinachohisi kama moto upo na kuifunga gesi ukizimika. Usifunike matundu ya sakafu ya oveni kwa karatasi ya alumini, hata kama unataka kuzuia mafuta yasidondoke.

9. Kausha kila kitu. Futa, kisha anika juani kwa saa moja, au acha usiku kucha kama ni msimu wa mvua. Kichwa chenye maji ndani huwaka kwa kukohoa na kuzimika, na mtu asiyejua huanza kulaumu gesi aliyonunua.

10. Kagua mpira, klipu na regulata wakati vingali nje. Ukunje mpira kidogo kwa vidole, sehemu kwa sehemu, na utazame kama unafungua nyufa ndogo; zikionekana, hata nyembamba kama nywele, mpira umekwisha. Tazama miisho yake miwili hasa, kwani hapo hubanwa na klipu na hapo ndipo hupasuka kwanza. Soma mwaka uliochapishwa juu yake, na kama ni mwaka wa mwisho wa matumizi nao umepita, au kama mpira umefikisha miaka 5, ubadilishe hata kama unaonekana mzima. Urefu wa mita moja na nusu unatosha jikoni. Mpira usipite nyuma ya oveni penye joto, usikunjwe kwa pembe kali, na usifungwe kwa waya wa kufungia au kwa vipande vya mpira wa baiskeli badala ya klipu. Hilo la mwisho linaonekana mara nyingi mno.

Kwenye regulata, tazama kama ina kutu, ufa au kishikio kilicholegea. Regulata iliyofikisha miaka 10 haina haja ya kuchunguzwa, ni ya kubadilishwa. Kumbuka pia kwamba mitungi ya makampuni mbalimbali haina midomo ya ukubwa mmoja; kuna regulata za milimita 20, za 22 na za vipimo vingine, kwa hiyo ukihama kampuni huenda ukalazimika kubadili na regulata. Regulata inayolazimishwa kwa kupigwa kiganja mpaka iingie haijaingia.

Mwisho, chungulia ndani ya mdomo wa vali ya mtungi. Mitungi mingi ina ringi ndogo nyeusi ya mpira hapo ndani, nayo inatakiwa iwe nzima, laini na imekaa sawasawa. Ikiwa imekatika au haipo, rudisha mtungi dukani ubadilishiwe, na usikubali ringi ya kuokoteza. Wenye kile kichomeo kinachofungwa juu ya mtungi wakague ringi ya kwenye shina lake vivyo hivyo, na wakikaze kwa mkono tu, kwa sababu spana huiponda ringi.

11. Rudisha sehemu kwa kufuata picha uliyopiga. Kichwa kikikaa sawasawa hakichezi, na kifuniko chake kinalala bila kuinama. Ingiza mpira mpaka uvuke mikunjo ya bomba la jiko, weka klipu, uikaze mpaka mpira usizunguke ukiupinda kwa mkono, lakini isiukate. Usirudishe umeme wala betri bado.

12. Fanya kipimo cha povu. Ningependa hatua hii iwe sheria ya kila nyumba, na ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu mtu amechoka na chai inasubiriwa. Changanya vijiko viwili vya sabuni ya maji katika nusu kikombe cha maji. Funga swichi zote za jiko. Weka regulata juu ya mtungi, ifungue, na usiwashe kitu. Sasa pakaza povu juu ya vali ya mtungi, penye kiungo cha regulata, kwenye mwisho wa mpira upande wa regulata, kwenye mpira wote, kwenye mwisho wake upande wa jiko, na kwenye mashina ya swichi. Tazama kila mahali kwa dakika nzima, ukimulika kwa tochi iliyowashwa ukiwa nje.

Povu linalokaa tu na kupungua si kitu. Povu linalovimba, likapasuka, likavimba tena pale pale, hilo ni gesi inatoka. Funga regulata mara moja. Kama ni kwenye klipu, kaza na upime upya. Kama ni kwenye mpira, badilisha. Kama ni kwenye shina la swichi, kwenye mwili wa regulata au kwenye vali ya mtungi, umefika kwenye ule mpaka tuliousema, na jiko halitumiki mpaka fundi au muuzaji alishughulikie. Usipime kwa kiberiti kwa hali yoyote, hata fundi akikuambia yeye hufanya hivyo kila siku. Fundi anayepima kwa kiberiti mlipe nauli yake aende.

13. Rudisha umeme au betri, washa kichomeo kimoja kimoja na usome moto. Unatakiwa uwe wa buluu, wenye ncha fupi zilizosimama, unaozunguka kichwa chote bila pengo. Vicheche vya rangi ya chungwa katika dakika ya kwanza hutokana na vumbi na hupotea. Teremsha swichi mpaka moto mdogo kabisa: ukizimika wenyewe hapo, kichwa hakijakaa vizuri au tundu la moto mdogo limeziba.

Mara ngapi

Futa jiko kila siku likishapoa, na usiache uji, maziwa au maji ya posho (ugali) yakauke juu yake. Usafi kamili kama huu unatosha mara moja kwa mwezi au miwili kwa familia ya kawaida, na mapema zaidi kwa anayekaanga chapati za kuuza. Kipimo cha povu ni kila unapobadilisha mtungi. Fundi alione jiko mara moja kwa mwaka, hasa kwa vali za swichi, ambazo huhitaji grisi maalumu ya kuvumilia joto. Mafuta ya kupikia na mafuta ya cherehani huziharibu.

Ukinusa gesi

Ukinusa gesi ukiwa ndani, usiwashe taa na usizime iliyowaka, kwa maana swichi ya ukutani hutoa cheche kwa kuwasha na kwa kuzima vile vile. Usipige simu humo ndani. Funga regulata kama unaifikia salama, fungua mlango na madirisha, toa kila mtu nje, na waambie majirani, hasa katika nyumba za chumba kimoja zilizopangana ambako sigiri ya jirani iko ukuta wa pili. Ukiwa mbali ndipo upige 999 au 112. Mtungi unaowaka kwenye vali si wa kufunikwa blanketi na mtu asiye na mafunzo. Ondokeni, na askari wa zimamoto waje.

Matatizo na tiba zake

Moto ni wa njano kwenye vichomeo vyote. Kwanza jiulize kama chumba kina hewa. Kama kina, tazama vile vifungio vya hewa vilivyo mwanzoni mwa bomba, kwenye majiko yenye navyo. Vikiwa vimejifunga kwa uchafu, vifungue kidogo kidogo mpaka moto uwe wa buluu. Ukiona bado, na jiko ni la mitumba kutoka Ulaya, karibu hakika nozeli zake ni za gesi ya bomba inayotumika majumbani huko. Gesi hiyo ina nguvu ndogo kuliko ya mtungi, kwa hiyo nozeli zake zina tundu kubwa, na ukizitumia kwa gesi yetu moto huwa mkubwa na mchafu. Kusafisha hakutasaidia, mwambie fundi abadilishe nozeli zote ziwe za gesi ya mtungi, na kwa jiko lenye oveni asiiache nozeli ya oveni.

Kichomeo kimoja tu ni cha njano au kinawaka nusu. Rudia hatua ya 6 na ya 7 kwa kichomeo hicho, kisha hakikisha hukubadilisha vifuniko.

Moto unaruka juu ya kichwa na kuvuma. Hewa ni nyingi mno, au regulata inapitisha nguvu kupita kiasi. Punguza kifungio cha hewa kwanza. Vichomeo vyote vikivuma pamoja, regulata ndiyo inayoshukiwa, nayo hubadilishwa nzima.

Jiko linawaka ukishikilia swichi, ukiachia linazimika. Kile kijiti kinachohisi moto kimefunikwa na mafuta au kimesogea. Kifute kwa kitambaa kikavu, hakikisha ncha yake inaguswa na moto, na ushikilie swichi kwa sekunde 10 baada ya kuwasha ili kipate joto.

Cheche hazitoki. Badilisha betri, kausha ncha nyeupe ya kiwashio, ondoa mafuta juu yake. Wakati huo unaweza kuwasha kwa kiberiti: kiberiti kiwake kwanza ndipo ufungue gesi, wala si kinyume chake.

Kioo cha jiko kimepasuka bila kupigwa. Mara nyingi chanzo ni sufuria kubwa ya matoke iliyokaa juu ya moto kwa saa kadhaa, pana kuliko kichomeo, ikirudisha joto chini kwenye kioo. Jiko hilo lisitumike. Matoke ya watu wengi yapikwe kwenye kichomeo cha chuma cha chini, au yarudi kwenye sigiri.

Mtungi unaisha haraka. Ukishafanya kipimo cha povu na hakuna panapovuja, pima mtungi unaofuata dukani kabla ya kulipa, kwenye mizani iliyohakikiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu yake. Toa uzito huo katika uzito wa jumla, na kinachobaki ndicho gesi uliyonunua. Usinunue gesi iliyomiminwa kutoka mtungi mmoja hadi mwingine nyuma ya duka.

Moto ni dhaifu asubuhi na mapema lakini mchana uko sawa. Wakazi wa Kabale na sehemu nyingine za miinuko wanalijua hili. Baridi hupunguza nguvu ya gesi mtungini, hasa butani ikiwa nyingi, na gesi ikikaribia kuisha hali huzidi. Hamishia mtungi mahali pasipopigwa na upepo wa usiku. Usiuweke katika beseni la maji ya moto wala karibu na makaa, na usiutikise. Kama mtungi mpya uliojaa bado unatoa moto dhaifu jua likiwa limepanda, tatizo ni regulata au mpira uliokunjika, na unaanzia tena hatua ya 10.